Maonyesho ya Kilimo ya Kaunti: Mwanzo Wake na Mafunzo Yake

Hapana shaka wengi miongoni mwa wasomaji wetu wamekwisha kuingia katika uwanja wa maonyesho ya kilimo, ikiwa si Nairobi, basi Nakuru, Kitale, Nyeri, Kisumu au Mombasa. Wamewaona ng'ombe waliosuguliwa mpaka wakang'aa, mahindi yaliyopangwa mezani safu kwa safu, na utepe wa rangi aliofungwa mnyama aliyeshinda. Lakini wako wengi ambao hutazama, wakastaajabu, wakanunua soda, kisha wakarudi nyumbani, na mwaka unaofuata shamba lao ni lile lile. Je, maonyesho yamewafaa nini?

Swali hili si geni. Liliulizwa huko Marekani zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, katika kaunti zenye mashamba madogo na udongo wa mawe, na majibu yaliyopatikana huko yafaa kujulikana na kila mkulima. Makusudi ya somo hili ni kueleza mambo matatu: jinsi maonyesho ya kaunti yalivyoanza, jinsi yanavyofundisha, na jinsi yanavyoweza kupotea njia.

Kondoo wawili chini ya mti

Katika jimbo la Massachusetts, upande wa magharibi, iko kaunti iitwayo Berkshire, na mji wake mmoja ni Pittsfield. Mwaka 1807 alihamia huko mtu mmoja jina lake Elkanah Watson. Yeye alikuwa mfanya biashara aliyepata kukaa Ufaransa, na sasa alitaka kulima na kufuga. Akanunua kondoo wawili wa aina ya merino, dume na jike.

Kondoo wa merino asili yao ni Hispania, na sufu yao ni laini sana. Kwa muda wa miaka mingi wafalme wa Hispania walikataza wasitolewe nchini, kwa hiyo katika Marekani ya siku zile walikuwa wachache mno. Kondoo wa wenyeji walikuwa na sufu nene na chache. Basi Watson akawapeleka kondoo wake katika uwanja wa mji, akawafunga chini ya mti mkubwa, watu wapate kuwatazama.

Watu wakaja. Wakulima waliacha kazi zao, na wanawake nao wakaja, wakashika sufu kwa vidole, wakailinganisha na ile waliyoizoea. Watson akafikiri hivi: ikiwa wanyama wawili tu wameweza kukusanya watu wengi namna hii, je, ingekuwaje kama kila mkulima angeleta mnyama wake aliye bora?

Yafaa kufahamu kwamba vyama vya kuendeleza kilimo vilikuwako kabla ya hapo. Philadelphia kilianzishwa kimoja mwaka 1785, na Massachusetts kingine mwaka 1792. Lakini wengi wa wanachama wa vyama hivyo walikuwa mabwana wenye elimu na mali, nao walifundisha kwa kuandika makala na kuzichapisha. Mkulima wa kawaida hakuzisoma, na hata akizisoma hakuziamini sana, maana aliona zimeandikwa na watu wasioshika jembe. Jambo jipya alilolileta Watson ni kulitoa somo katika karatasi na kuliweka mbele ya macho.

Mwezi wa Oktoba 1810 wakulima wa Berkshire walileta mifugo yao Pittsfield, na mwaka 1811 chama chao kikaandikishwa kwa sheria. Katika maonyesho ya mwaka huo yalifanyika maandamano, nayo yalikuwa na maksai wengi waliofungwa pamoja wakivuta plau moja. Wakulima waliotoa wanyama bora walipewa zawadi mbele ya jamaa na jirani zao.

Wanawake walisitawishaje maonyesho?

Baada ya muda Watson aliona kwamba nusu ya kazi ya shamba haikuonyeshwa. Nani aliyesokota sufu? Nani aliyefuma nguo, akatengeneza siagi na jibini? Akatangaza zawadi kwa kazi za wanawake. Siku ilipofika nguo zililetwa, lakini wenyewe hawakutokea, kwa kuwa waliona haya kusimama mbele ya watu. Basi Watson akamwomba mkewe aingie kwanza katika ukumbi, kisha akatuma wajumbe kwa akina mama wa mji kuwaambia kwamba mkewe alikuwa akiwangoja. Wakaja. Tangu hapo kazi za nyumbani zimekuwa na mahali pake katika maonyesho ya kaunti.

Jambo hili si dogo. Chama kinachowapa nafasi wanaume peke yao huonyesha nusu tu ya maarifa yaliyomo katika kaunti.

Chama cha Essex na uwanja wake

Mfano wa Berkshire ulienea upesi. Mwaka 1819 bunge la jimbo la New York lilikubali kutoa dola 10,000 kila mwaka kusaidia vyama vya kilimo vya kaunti. Vyama vikaota kama uyoga baada ya mvua. Lakini msaada ulipokoma, vingi vilikufa, kwa sababu wanachama walikuwa wamezoea kungojea fedha za serikali kuliko kuchanga zao. Ilipita miaka mingi kabla maonyesho hayajapata nguvu tena.

Viko vyama, hata hivyo, vilivyodumu. Kimoja ni cha Kaunti ya Essex, katika jimbo lile lile la Massachusetts, kaskazini ya mji wa Boston. Kilianzishwa mwaka 1818, na rais wake wa kwanza alikuwa Timothy Pickering, ambaye zamani alipata kuwa waziri wa mambo ya nje katika serikali ya George Washington. Maonyesho yake ya kwanza yalifanyika mwezi wa Oktoba 1820 katika mji mdogo wa Topsfield.

Kwa muda mrefu chama hiki hakikuwa na uwanja maalumu. Maonyesho yalihama mji hadi mji, kama soko la mnada. Hata hivyo, daktari mmoja wa mji wa Salem, John Goodhue Treadwell, aliyefariki mwaka 1856, aliusia shamba lake la Topsfield kwa chama ili litumike kuendeleza elimu ya kilimo. Tangu mwaka 1910 maonyesho yamekuwa yakifanyika Topsfield, kila mwaka wakati wa mavuno, isipokuwa katika nyakati za shida: yalisimama wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na tena mwaka 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona.

Tazama jinsi urithi wa mtu mmoja ulivyookoa kazi ya wengi. Chama kisicho na ardhi ni kama mpangaji: huhofu kila mwaka kuambiwa ahame. Chama chenye ardhi chaweza kujenga mazizi, kuchimba kisima, kupanda miti ya kivuli, na kungojea mwaka ujao kwa moyo mtulivu.

Kitu kimoja kinachowavuta watu Topsfield ni mashindano ya maboga. Mwaka 2012 lilipimwa hapo boga lenye uzito wa ratli 2,009, yaani kama kilo 911, nalo lilikuwa boga la kwanza duniani kupita ratli 2,000. Wengine watacheka na kuuliza, nani atakula boga kama hilo? Lakini wakulima wanaoshindana huchagua mbegu kwa uangalifu na kuandika nasaba yake, kama wafugaji wanavyoandika nasaba ya ng'ombe. Huacha tunda moja tu katika shina na kukata mengine, ili chakula chote kiende mahali pamoja. Huufukia utambaa kwa udongo upate kuota mizizi zaidi. Boga lenyewe ni la kustaajabisha tu, bali mbegu iliyochaguliwa na kumbukumbu zilizoandikwa ni mafunzo kwa shamba lolote.

Uamuzi na sababu zake

Sasa tuje kwenye moyo wa jambo hili, nao ni uamuzi. Katika maonyesho mengi ya Marekani mshindi wa kwanza hupewa utepe wa buluu, wa pili mwekundu, na wa tatu mweupe. Utepe ni kipande cha kitambaa tu. Chenye thamani ni sababu zilizomfanya mwamuzi autoe. Kwa hiyo mwamuzi mzuri hamalizi kazi yake kwa kunyoosha kidole. Husimama mbele ya watu akaeleza. Atasema kwamba ng'ombe huyu wa maziwa amewekwa mbele ya yule kwa kuwa kiwele chake kimeshikamana vema na tumbo wala hakining'inii, miguu yake ya nyuma imesimama sawa, na kifua chake ni kipana. Mtu aliyesikiliza aweza kurudi nyumbani akawatazama ng'ombe wake kwa macho mengine.

Watoto wa vijijini nao hufundishwa namna hii. Mwanzoni mwa karne ya 20 vilianzishwa huko vyama vya vijana ambavyo baadaye viliitwa 4-H. Mtoto hupewa ndama, nguruwe au kuku amtunze mwenyewe, naye hutakiwa kuandika katika daftari chakula alichotumia na gharama zake. Mara nyingi mtoto hashindanishwi na mwenzake, bali kazi yake hupimwa kwa kipimo kilichowekwa: wote waliofikia kipimo cha juu hupata utepe wa buluu. Mfano wa vyama hivyo ulifika kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1960, vilipoanzishwa vyama vya 4-K katika shule za Kenya, maana yake Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Navyo vilifufuliwa tena mwaka 2021.

Uzuri wa macho na wingi wa ghala

Lakini hata uamuzi waweza kupotea. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika jimbo la Iowa na majimbo ya jirani, yalienea mashindano ya mahindi. Mahindi yaliwekwa mezani, na waamuzi wakatazama umbo lake: liwe refu kwa kiasi, safu za punje ziwe zimenyooka, ncha ijae, na yote yafanane. Wakulima waliamini kwamba hindi zuri la mezani ndilo mbegu nzuri ya shambani, wakalipa fedha nyingi kununua mbegu za washindi.

Kijana mmoja wa Iowa, Henry A. Wallace, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na sita, alilitilia shaka jambo hili. Mwaka 1904 alichukua mahindi yaliyokwisha kuamuliwa na profesa mashuhuri, mengine yaliyosifiwa na mengine yaliyodharauliwa, akapanda punje za kila hindi katika safu yake, kisha wakati wa mavuno akapima. Akaona kwamba uzuri wa hindi haukuonyesha wingi wa mavuno. Baadhi ya yale yaliyodharauliwa yalizaa kuliko yale yaliyosifiwa.

Kijana huyo hakuvunja maonyesho, alisaidia kuyarekebisha. Kuanzia mwaka 1920 yaliwekwa Iowa mashindano ya namna nyingine, ambayo mbegu hupandwa shambani na mshindi hujulikana kwa mizani. Wallace aliendelea kuchunguza mbegu za mahindi chotara, mwaka 1926 akaanzisha kampuni ya kuziuza, na hatimaye akawa makamu wa rais wa Marekani tangu 1941 hadi 1945. Wakulima wetu nao wanajua faida ya mbegu chotara: mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mbegu iitwayo H611, iliyozaliwa kwa kuchanganya mahindi ya huku na mahindi ya asili ya Ecuador.

Liko fundisho jingine kutoka kwa kondoo wa merino. Baada ya Watson, watu wengi waliwataka kondoo hao, na bei ikapanda kupita kiasi, hasa wakati vita baina ya Marekani na Uingereza vilipozuia nguo za ng'ambo. Vita vilipokwisha mwaka 1815 nguo za Uingereza zilimiminika tena, na bei ya sufu ikaanguka. Kondoo walikuwa wale wale, wazuri kama mwanzo. Soko ndilo lililobadilika. Kwa hiyo mkulima asinunue mnyama kwa sababu ya utepe peke yake. Na aulize, nani atakayenunua mazao yake, na kwa bei gani?

Mchezo na kazi

Hatari nyingine ni kwamba mchezo waweza kuimeza kazi. Katika karne ya 19 vyama vingi vya kaunti viliona kwamba mashindano ya farasi huleta watu wengi wenye kulipa kiingilio. Baadaye yakaja mambo ya kufurahisha ya kila namna, hasa baada ya maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893, ambako watu walipanda gurudumu kubwa lililobuniwa na George Ferris. Wazee walinung'unika kwamba ng'ombe wamesukumwa pembeni. Lakini fedha za michezo ndizo zilizolipa zawadi za wakulima na kutengeneza mazizi. Jambo la kuangaliwa ni kipi kinachomtumikia mwenziwe. Mchezo ukiwa ni mlango wa kuingilia, ni vema. Ukiwa ndio nyumba yenyewe, maonyesho yamekwisha.

Tena tusisahau afya. Wanyama wanapokusanyika kutoka mahali pengi, magonjwa nayo hukusanyika. Mwaka 2012 watu zaidi ya 300 huko Marekani walipatwa na homa ya mafua iliyotoka kwa nguruwe, na wengi wao walikuwa wamekaribia nguruwe katika maonyesho ya kilimo. Tangu hapo watu wakahimizwa zaidi kunawa mikono watokapo mazizini, na kutokula chakula humo ndani. Mkulima mwenye mnyama mgonjwa amwache nyumbani, hata kama ni wa kupata tuzo.

Namna ya kuzuru maonyesho

Waswahili husema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Lakini mwenda kwa makusudi huokota zaidi. Yafuatayo yatamsaidia mkulima:

1. Kabla hujaondoka nyumbani, chagua shida moja ya shamba lako: maziwa machache, mahindi yenye wadudu, au udongo unaochukuliwa na maji. Nenda ukaitafutie dawa hiyo moja.

2. Chukua daftari na kalamu. Andika jina la mbegu, kiasi cha mbolea, na jina la bwana shamba au bibi shamba aliyekueleza.

3. Uwepo wakati waamuzi wanapoamua, wala si baadaye utepe ulipokwisha kufungwa. Wasiposema sababu, waulize kwa adabu.

4. Muulize mwenye mnyama au zao gharama zake. Ng'ombe atoaye maziwa mengi kwa chakula cha ghali huenda asikufae wewe.

5. Urudipo, jaribu jambo jipya katika sehemu ndogo kwanza, kando ya mazao yako ya kawaida, kisha pima yote mawili kwa mizani ile ile. Hivyo ndivyo alivyofanya yule kijana wa Iowa.

6. Mwaka unaofuata, peleka na wewe kitu. Hata usiposhinda, utajua umepungukiwa wapi, na jirani zako watajifunza kwako.

Uwanja wa maonyesho hufunguliwa siku chache tu, kisha mahema hukunjwa na majani huota. Faida yake haionekani uwanjani. Huonekana katika mashamba ya watu walioondoka hapo: katika kiwele cha ng'ombe, katika ghala, na katika daftari la mkulima.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Kwa nini wakulima wa Berkshire waliwaamini kondoo wawili kuliko makala zilizochapishwa?

2. Vyama vingi vya New York vilikufa msaada wa serikali ulipokoma. Je, chama chenu cha ushirika au cha wakulima kingeweza kudumu kwa michango ya wanachama peke yake? Elezeni namna gani.

3. Katika maonyesho ya kwenu, ni vitu gani vinavyoamuliwa kwa macho ambavyo vingefaa kuamuliwa kwa mizani?

4. Ni kazi gani za akina mama na vijana katika kijiji chenu ambazo hazijapata kuonyeshwa?

5. Kila mmoja wenu ataje jambo moja aliloliona katika maonyesho na kulitumia shambani kwake. Ikiwa hakuna hata mmoja, jadilini sababu yake.